Mwaka Niliotumwa Kuitazama Bahari

Wiki iliyopita sebule yangu hapa Buruburu ilijaa viti vya plastiki vya kukodi, na kwenye baadhi ya viti hivyo waliketi watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona: wanaume watatu na mwanamke mmoja waliosafiri kutoka pwani kuja kumlilia shemeji yangu Oduori. Wao hawakumwita Oduori. Walimwita Mwalimu. Mmoja wao, kijana wa shati jeupe, alisimama katikati ya mkutano wa mazishi akasema kwamba marehemu aliweza kusimama kwenye gati, amefumba macho, akakuambia kama maji yanajaa au yanapwa kwa kusikiliza tu yanavyogonga nguzo. "Mimi nimezaliwa pale," akasema, "lakini sijaona mtu aliyeijua bahari kama yule mzee." Watu wakaitikia kwa ule mguno wa matanga. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la mandazi, nikaliweka juu ya kabati. Kuna siku, nikiwa na miaka kumi na tisa, niliulizwa swali moja tu kuhusu mtu huyu, na nilichojibu kilikuwa kinyume kabisa cha maneno ya kijana yule. Nitaeleza polepole, kwa sababu hata mimi bado sijaelewa vizuri. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na nimeona kwamba mtoto aliyekwama kwenye hesabu, ukimwambia amfundishe mwenzake, mara nyingi anakwamuka. Basi nikuchukulie kama mwenzangu wa dawati.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na nangoja kuitwa chuo cha ualimu, nikikaa na dada yangu Mueni na mumewe Oduori katika chumba kimoja cha Baba Dogo. Nikisema chumba kimoja usikione kidogo, maana pazia la maua mekundu lilikigawa kuwa nyumba nzima. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda chao na cha watoto wawili. Upande wa nje kulikuwa na kochi ambalo jioni liligeuka kitanda changu, jiko la mafuta ya taa kwenye kona, na chini ya dirisha cherehani ya Mueni, iliyowekwa hapo ili apate mwanga wote wa mchana. Ukuta wa nyuma ulipakana na karakana ya vyuma, kwa hiyo tulikuwa tumezoea kuongea kwa sauti ya juu na kunyamaza ghafla mashine zilipozimwa, na ndivyo nilivyosikia mambo mengi ambayo hayakunihusu. Oduori alitoka kando ya ziwa kule Budalang'i na aliamini chakula bila samaki ni vitafunio. Dada yangu, mtu wa Machakos, alikuwa hajala samaki mpaka alipoolewa, na bado alizila omena, zile dagaa za ziwani, akiwa amezigeuza zisimwangalie. "Mama Nabwire," Oduori alikuwa akimtania, "hiyo ni omena, si hakimu." Tulikuwa tukicheka hapo. Nakumbuka ugali ule, harufu ya mafuta ya taa, na vitambaa vya sare za shule vikiwa vimerundikwa mpaka juu ya redio.

Kiwanda cha uzi alichofanyia kazi kilipunguza watu mwezi wa pili, na yeye akawa miongoni mwao. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua kutoka kwa binamu yake Barasa, mpishi katika hoteli moja kaskazini ya Mombasa. Hoteli hiyo ilikuwa kando ya gati la zamani, na wageni wake walipenda kuvua samaki kutoka ufukweni na kutoka gatini. Ilihitaji mtu wa kuwafungia ndoana, kuwatafutia chambo, na kuwaonyesha wasiojua. Oduori akajibu barua siku hiyo hiyo. Alasiri moja mashine za karakana zikazimwa bila wao kutarajia, nami nikiwa upande wangu wa pazia nikichambua mchele.

"Umewaandikia kwamba unajua bahari?" dada alikuwa akiuliza.

"Nimewaandikia nimevua tangu utotoni."

"Ziwani."

"Hawakuuliza wapi."

"Baba Nabwire!"

"Sasa nini? Samaki ni samaki. Maji ni maji. Ndoana haijui iko wapi."

Dada akasema kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, "Mimi nina cherehani hapa. Nina wateja hapa. Tukihama, halafu baada ya miezi sita wagundue hujui, tutarudi wapi?" Mashine zikawaka tena, na jibu la Oduori sikulisikia.

Kuanzia hapo kila asubuhi alikwenda kwenye uwanja wa mpira, nami nikawa msaidizi wake kwa sababu sikuwa na kazi. Alikuwa na mwanzi mrefu, na chini yake alifunga gurudumu la mbao lililokuwa likikunjiwa uzi kule kiwandani. Humo alizungushia mshipi wa nailoni. Mwishoni mwa mshipi, mahali pa chubwi, ule uzito wa risasi unaozamisha ndoana, alifunga nati kubwa ya lori. Alinifundisha, nami nakufundisha wewe: usitupe kwa nguvu za mkono. Simama upande, acha mwanzi ujipinde nyuma yako, uzungushe kiuno, na kidole kiuachie mshipi wakati ncha inapoelekea mbinguni. Ukiwahi kuachia, nati inapanda juu na kukurudia kichwani. Ukichelewa, inapiga ardhi mbele ya miguu yako. Mimi nilipima kwa hatua. Mwanzoni ilikuwa arobaini, baada ya mwezi themanini, na siku moja nati ilivuka goli la pili. Watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walisimama kutucheka.

"Niaje buda! Umeshika nini?"

"Ameshika mavumbi!"

"Buda, hapo utashika kiatu, na hata hakitakuwa pea!"

Oduori aliwapungia mkono na kuendelea kukunja mshipi. Mimi ndiye niliyeona haya. Lakini nilipotazama nati ile ikipaa na kutua mbali, kimya kabisa, nilikuwa namwamini. Nafikiri ni muhimu niseme hivyo, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kukufanya udhani sikumwamini kamwe.

Alipoitwa kwenda kujaribiwa, dada alinivuta kando kwenye bomba la maji la ploti, ndoo mbili miguuni petu. "Utaenda naye," akasema. "Usiangalie kama watamwajiri. Watu huajiri hata wajinga. Wewe angalia kama anajua. Ukirudi nitakuuliza neno moja, anajua au hajui. Ukisema anajua, nauza cherehani na tunahama sote. Ukisema hajui, mimi na watoto tunabaki." Nikamwambia mimi mwenyewe sijawahi kuiona bahari, nitajuaje? Akanijibu huku akiinua ndoo, "Wewe huwezi kusema uongo, Mwende. Hata ukijaribu masikio yanakuwa mekundu." Ningependa kuweza kusimama karibu na yule msichana pale bombani nimwambie anaweza kukataa. Hata ninyi vijana mnaosoma haya, mtu mzima akiwapa swali lake mlibebe, si vibaya kumwuliza kwa nini halibebi mwenyewe. Lakini sikujua hilo. Nilijisikia mkubwa kwa kuaminiwa.

Tulifika Ijumaa, na alasiri saa kumi Barasa akatupeleka ufukweni. Sina maneno mazuri ya kuieleza bahari niliyoiona. Nilichofikiria ni kwamba ilikuwa imejaa mno, kama ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba. Maji yalikuwa yamefika karibu na minazi, na gati lilionekana kama limelala juu yake. Oduori hakushangaa, au hakuonyesha. Alitembea kando ya maji na chubwi lake, akilitupa na kulivuta, akipima kina kama walivyofanya kwao, mpaka akapata mahali karibu na nguzo za kwanza ambapo lilizama kupita kimo cha mtu. "Hapa," akasema. Akachukua jiwe, akagongomea ukingoni mwa maji vigingi viwili alivyovichonga Baba Dogo, vya kushikilia mianzi ya wageni. Alivisukuma kuhakikisha haviyumbi. Barasa aliviangalia akakuna shingo, lakini akili yake ilikuwa kwenye chakula cha jioni cha hoteli, akatuacha. Asubuhi yake alituandalia mahamri na mbaazi nyumbani kwake nyuma ya hoteli. Tulikula tukazidisha, na saa nne kasoro kidogo meneja akatuma mtu kutuita.

Tulipotoka kwenye minazi, bahari haikuwepo.

Ninakuomba uelewe jambo moja kabla hujacheka. Sisi tulitoka Eastlands. Kwetu maji yakitoweka, kuna mtu ameyafunga. Unatoka nje unauliza jirani, mnalaumu baraza la jiji, mnasubiri. Kwa hiyo maneno yaliyonitoka mdomoni, na Mungu ni shahidi wangu nilikuwa sitanii, yalikuwa, "Shemeji, wamekata maji." Mbele yetu kulikuwa na mchanga wenye unyevunyevu, halafu mawe yenye majani ya kijani, na mbali, mbali sana, mstari mweupe. Nguzo za gati zilisimama wazi kama miguu ya mtu aliyepandisha suruali. Na vigingi vyetu viwili vilikuwa pale pale, imara, katikati ya ukavu. Meneja, Bwana Mwakio, mtu mnene aliyevaa kofia ya ukili, alikuwa anatusubiri kivulini na wageni wawili.

Kile alichofanya Oduori baadaye nimekifikiria kwa zaidi ya miaka thelathini. Angeweza kusema, jamani, kwetu maji hayaondoki. Angeweza kucheka. Badala yake alitembea mpaka kwenye vigingi vyake, akasimama upande, akaupinda mwanzi, akarusha. Ulikuwa mrusho mzuri kuliko yote niliyowahi kupima. Chubwi lilipaa, likameremeta, likatua mchangani kwa sauti ndogo kama mtu aliyebisha hodi mara moja. Akauweka mwanzi kwenye kigingi, akashika mshipi kwa kidole, akasubiri. Sikujua anasubiri nini. Alikuwa anavua? Alikuwa anaonyesha mrusho tu? Au alikuwa amechanganyikiwa kama mimi na mwili wake ukafanya kile ulichozoea? Wageni walitazamana. Mmoja akapiga makofi mawili, akaacha.

Mwanamke mmoja alikuwa akirudi kutoka kwenye mawe, amefunga leso kiunoni, mkononi ana chuma kirefu na pweza wawili wananing'inia. Akasimama mbele ya Oduori akamtazama, akautazama mshipi, akaufuata kwa macho mpaka mwisho.

"Baba, wavua kaa?"

"Navua samaki, mama."

"Ah! Samaki wamekwenda na maji yao. Ndo bamvua hii. Nyie wa bara mna mambo! Njoo alasiri, maji yatarudi na wenyewe."

"Yatarudi?" niliuliza mimi.

Yule mama akanigeukia, na huruma iliyokuwa usoni mwake ndiyo iliyonifundisha namna ya kumfundisha mtoto asiyejua. Akachora mchangani kwa kile chuma chake: hapa maji yamejaa, hapa yamepwa, yanajaa tena, yanapwa tena, mara mbili mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, karibu saa nzima. Mwezi ukiwa mkubwa kama jana, yanapanda sana na kushuka sana, na hiyo ndiyo bamvua. Kwa hiyo maji uliyoyaona saa kumi alasiri, usiyatafute saa nne asubuhi. Ni rahisi hivyo. Bwana Mwakio alikuwa amesogea, akasikiliza yote. "Saa tisa," akamwambia Oduori, "juu ya gati." Akaondoka na wageni wake.

Saa tisa maji yalikuwa yanarudi kwa haraka ambayo ilinitisha, yakivikaribia vigingi vyetu. Juu ya gati Oduori aliweka mwanzi chini, akachukua mshipi wa mkono mtupu. Aliulegeza mpaka chubwi likagusa chini, akauinua kidogo, akaulaza juu ya kidole cha shahada. Kisha akakaa vile, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akavuta ghafla. Samaki wa kwanza, changu. Akavuta tena, kolekole wa kutosha sufuria. Wale wageni wenye vifaa vya kung'aa hawakuwa wamepata kitu. Mmoja alikuwa mama mzee aliyechoshwa na jua, na Oduori, bila kuitwa, akamwendea, akauweka mshipi wake juu ya kidole cha yule mama, akakishika kwa chini. "Ngoja," akamwambia. "Bado. Huyo anaonja tu. Bado. Sasa!" Yule mama alipiga kelele kama msichana. Bwana Mwakio akavua kofia akajipepea. "Bahari huijui hata kidogo," akasema. "Lakini samaki wanakujua. Anza mwezi ujao."

Tulirudi Nairobi Jumapili jioni. Kwenye gari Oduori alilala, au alijifanya, nami nililibeba swali la dada kama yai. Anajua. Hajui. Mkono wake ulijua, macho yake hayakujua. Kama swali lingekuwa atajifunza, ningejibu haraka. Lakini halikuwa hilo, na mimi nilikuwa mtoto wa kujibu swali kama lilivyoulizwa. Tulipofika, dada alikuwa kwenye cherehani. Oduori akaenda bombani kunawa. Dada hakuuliza safari ilikuwaje. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Anajua au hajui?"

"Hajui," nikasema.

Karakana ilikuwa kimya, ilikuwa Jumapili. Mlango ulikuwa wazi, na Oduori alikuwa amesimama kizingitini, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Alinitazama, halafu akamtazama mkewe. "Shemeji amesema kweli," akasema, akaingia akaketi akaomba chai.

Akaenda peke yake mwezi uliofuata. Dada na watoto wakabaki. Alirudi kila Krismasi na kila Agosti, maisha yake yote ya kazi, akiwa mweusi zaidi kila mara na akiongea zaidi kidogo kama watu wa kule. Watoto wakakua na baba wa likizo. Mimi nikaenda chuo, nikaajiriwa, nikahamia Buruburu, na kila nilipomwona dada akila peke yake mezani nilijiambia neno lile lilikuwa langu. Nilikuwa nimesema kweli, na ile kweli ikaoza mikononi mwangu, maana kila mwaka alizidi kujua, na mimi nilikuwa nimejibu mara moja tu.

Kwa hiyo wiki iliyopita, kijana wa shati jeupe alipoketi, nilimfuata dada jikoni. Alikuwa akisuuza vikombe, mzee sasa, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Nikamwambia yote haya, vibaya, kwa haraka, nikamwomba msamaha. Hakugeuka.

"Mwende, siku mliyopanda gari kwenda pwani, mimi nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikakubali kazi ya sare za shule nzima. Za mwaka mzima."

Sikuelewa. Nikamwambia sielewi.

"Sikutaka kuhama. Sikutaka bahari, sikutaka hoteli, sikutaka kuwa mke wa mtu katika chumba cha nyuma. Kwangu palikuwa Baba Dogo. Lakini mke anamwambiaje mume asiye na kazi kwamba hatamfuata kazini? Nikakutuma wewe. Nilijua mtu wa ziwa hawezi kuijua bahari kwa siku mbili, na nilijua utasema hivyo."

"Na kama ningesema anajua?"

Akafikiri, kikombe mkononi. "Ningesema masikio yako ni mekundu."

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia Krismasi ya kwanza. Alikasirika siku mbili. Ya tatu akacheka. Akasema tusikwambie, utajisikia umetumiwa."

"Lakini nilitumiwa!"

"Ndiyo," akasema dada yangu. "Ulitumiwa."

Sijui mtu anatakiwa kujisikiaje hapo. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumnyang'anya kile kikombe nikivunje. Nilikuwa nimebeba kosa ambalo halikuwa langu, na sasa lilipochukuliwa nilijikuta nalishika, kama vile ni mali yangu. Kabla sijapata neno, sauti ya kijana wa pwani ikatufikia kutoka sebuleni. Walikuwa wanamtafuta shemeji wa Mwalimu. Walisikia alikuwa naye siku ya kwanza pale ufukweni, na walitaka awaambie alikuwaje siku hiyo.

Nilitoka nikasimama kati ya viti. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu hamsini, lakini sikujua niwape somo lipi, la zamani au la dakika mbili zilizopita. Nikasema lile nililokuwa nalo kwa muda mrefu zaidi.

"Mimi ndiye niliyesema hajui bahari."

Yule mwanamke wa pwani akashika kidevu. Ndipo dada akatokea mlangoni mwa jikoni, mikono ina povu, akasema kwa ile sauti ya juu ya watu waliokaa karibu na karakana:

"Na mimi ndiye niliyemtuma akaseme."

Wageni wakatutazama, mmoja, halafu mwingine. Ilibidi tuwaeleze. Dada akavuta kiti kando yangu, tukaanza tangu asubuhi ya ile barua, yeye akinikatiza, mimi nikimsahihisha, naye akisema hapana, haikuwa asubuhi, ilikuwa alasiri.